Bati la Kyerwa na Sanduku la Mtoto

Mhadhara kwa walimu, wazazi na mafundi wa Kimuli



Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye shule moja ya msingi ambayo sitaitaja, wala wilaya yake sitaitaja, nikaone “maabara mpya ya watoto”. Mwalimu mkuu alinikaribisha ofisini, akachukua kopo la chaki, akalipindua, ukadondoka ufunguo. Akafungua kabati la chuma. Juu kabisa, nyuma ya kombe la mpira la UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, lilikuwepo sanduku la plastiki lenye picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka. Ndani, kila kipande kilikuwa kimelala kwenye shimo lake: taa ndogondogo, swichi, rezista, kipaza sauti, injini kubwa kiasi cha gumba, na waya za rangi nne. Nikauliza watoto wamelitumia mara ngapi.

“Bado, mwalimu,” akanijibu. “Tunalitunza. Kikipotea kipande kimoja, mfadhili tutamwambia nini?”

Lilikuwa na miaka mitatu pale kabatini. Betri zilizokuja nalo zilikuwa zimevuja, maji yake yamezila springi mpaka zikawa kijani. Sanduku lilikuwa limekufa kwa kutoguswa.

Mwalimu yule simlaumu hata kidogo. Kitu kikishaandikwa kwenye leja kimekuwa mali ya umma, na mali ya umma haichezewi. Mkaguzi akija atahesabu vipande, hatahesabu watoto waliojifunza. Shida ni kwamba kile kilikuwa kitu cha kuchezewa. Kimeundwa ili kifunguliwe, kiungwe vibaya, kiungue, kiungwe tena. Ukikitunza kama kombe la mpira, kimegeuka kombe la mpira.

Masanduku haya si mageni duniani. Kampuni ya Kosmos ya Stuttgart, Ujerumani, iliuza sanduku la kuunda redio, Radiomann, tangu mwaka 1934. Mwaka 1963 Philips ya Uholanzi ikatoa lake, na hapo nataka mafundi mnisikilize vizuri. Philips hawakumpa mtoto chuma cha kulehemu. Walimpa ubao wenye matundu na springi ndogondogo: unaibonyeza springi, unapenyeza mguu wa transista, unaachia, imeshika. Ukikosea unabonyeza tena na kuchomoa. Transista ile ile inayopigisha king'ora leo, kesho inapokea redio, keshokutwa inalinda mlango. Akili yote ya sanduku ilikuwa kwenye ile springi, kwa sababu ilimruhusu mtoto kukosea bila hasara. Wajapani nao, katika miaka hiyo hiyo ya 1960, wakatengeneza vibao vya mraba vyenye vipande ndani, unavipanga kama matofali. Baadaye zikaja Arduino kutoka Italia mwaka 2005, Raspberry Pi mwaka 2012, na micro:bit, ambayo mwaka 2016 Waingereza waliigawa bure kwa watoto wa shule wapatao milioni moja. Hizo ni kompyuta ndogo, habari nyingine, sitazikalia leo.

Ila kuna kitabu ambacho hutajwa mara chache panapozungumzwa masanduku. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, shule nyingi za Ulaya na Asia zilibaki kuta tupu. UNESCO ikatoa mwaka 1948 kijitabu cha kuwaelekeza walimu wa nchi zilizobomolewa namna ya kufundisha sayansi kwa vitu vya kuokota, na mwaka 1956 kikakua kuwa kitabu kikubwa cha walimu wa sayansi. Wazungu wenyewe, walipoishiwa, walifundishana kutengeneza mizani kwa vijiti na taa kwa makopo. Kwa hiyo mtu akikuambia kufundishia vitu vya kuokota ni mambo ya kimaskini ya Kiafrika, mwambie arudi akasome.

Huku kwetu Afrika Mashariki nako kazi ipo. Wakenya wana kiwanda chao cha vifaa vya shule jijini Nairobi, SEPU, tangu miaka ya 1970. Kinapakia fizikia na kemia kwenye masanduku ili shule isiyo na maabara ipate pa kuanzia. Uganda kuna Fundi Bots, iliyoanzishwa na Solomon King Benge mwaka 2011, na jina lenyewe mmelisikia: wamekwenda kulichukua neno letu, fundi. Hapa Tanzania, Young Scientists Tanzania imekuwa ikiwakutanisha wanafunzi wa sekondari na kazi zao za utafiti tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Wote nawapongeza. Hata hivyo ukitoka Omurushaka kuja huku Kyerwa, vumbi linakukumbusha kwamba mengi ya hayo yanaishia mijini, na kinachofika kinafikia kabatini.

Sasa nitoe kitu mfukoni. Mnakiona? Kipande cha lehemu, urefu wa kidole. Mafundi wengine mnaiita risasi, kwa kuwa risasi imo ndani yake. Lakini sehemu kubwa zaidi ni bati. Lehemu nzuri ya fundi redio ina mafungu 63 ya bati kwa 37 ya risasi, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu, joto ambalo kaa la jiko la mama linalipita bila kutoka jasho. Bati tupu huyeyuka kwenye nyuzi 232. Tangu mwaka 2006 Ulaya ilipopiga marufuku risasi kwenye vyombo vya umeme, lehemu nyingi ya viwandani imekuwa karibu bati tupu. Na karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye lehemu.

Bati hilo linatoka wapi? Ninyi mnajua kuliko mimi. Wilaya hii ya Kyerwa ndiyo inayotajwa kwanza Tanzania likisemwa bati. Limechimbwa huku tangu zama za Waingereza. (Sisemi bati la paa, wazee. La paa ni chuma kilichopakwa zinki. Jina tu limefanana.) Wachimbaji wadogo wanaingia shimoni na sururu, wanatoa mawe meusi mazito, wanayaosha, yanapimwa kwa kilo, yanaondoka. Serikali ilipoanzisha masoko ya madini mwaka 2019, bati nalo likapata pa kuuzwa kihalali, na hilo ni jema. Lakini bado linaondoka. Linakwenda mbali, linasafishwa, linavutwa kuwa waya, linayeyushwa juu ya kibao cha kijani katika kiwanda cha Asia, linawekwa kwenye sanduku lenye picha ya mtoto anayecheka, linapanda meli, linashuka bandarini, linapanda lori, linafika shule ya msingi iliyo karibu na shimo lilikotoka, na pale linafungiwa kabatini. Mtoto wa mchimbaji haruhusiwi kuligusa.

Wala ufundi wa moto hatukuletewa na meli. Hapo Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe, hazina ya kifalme ilikuwa na ng'ombe wadogo wa chuma na nyundo za kifalme, na mapokeo yanamtaja Omukama Ndagara kuwa yeye mwenyewe alikuwa mfua chuma. Msafiri Mwingereza Speke alipofika kwa Rumanyika, mwana wa Ndagara, mwaka 1861, alikuta nchi yenye kazi zake. Upande wa pili wa mkoa huu, Buhaya, wazee walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma mbele ya watafiti, baada ya kazi hiyo kuachwa kwa miongo mingi, na mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery wakaandika katika jarida la Science kwamba mababu wa hapa walikuwa wakipata chuma cha pua tangu karibu miaka 2000 iliyopita, kwa kuupasha upepo moto kabla haujafika tanurini. Sisemi haya ili tujisifu. Sifa haiwashi taa. Nataka tu msiwaambie watoto kwamba ufundi ni wa wengine.

Turudi kwenye umeme. Kitu cha pili mfukoni mwangu ni hii betri ya redio. Imekufa, nimepewa na bibi mmoja aliyekuwa karibu kuitupa migombani. Bibi huyo alikwishaianika juani, kama tunavyofanya wote, ikampa taarifa ya habari moja zaidi, ikakata. Kipimo kinasema bado ina volti moja na kidogo. Redio imeikataa, taa nyeupe inaikataa pia, maana taa nyeupe ya LED inataka volti karibu tatu ndipo ifungue mlango wake. Lakini haijaisha. Humo ndani umebaki umeme usio na nguvu ya kupanda kilima.

Naomba taa zizimwe. Ahsante.

Mnaona taa hii nyeupe inavyowaka? Betri moja, ile ile ya bibi. Sasa niwaoneshe kilichomo. Hiki kipete cheusi, ukubwa wa kifungo cha shati, kimetoka kwenye kitako cha taa ya energy saver iliyoungua. Nimekizungushia waya mbili nyembamba kwa pamoja, nyekundu na kijani, mizunguko kumi na mbili. Mwisho wa nyekundu umeungana na mwanzo wa kijani, na hapo pamekwenda kwenye chanya ya betri. Ncha ya nyekundu iliyobaki inapita kwenye rezista ya mistari kahawia, nyeusi, nyekundu, yaani omu elfu moja, hadi mguu wa kuamuru wa transista, ule wanaouita besi. Ncha ya kijani imekwenda kwenye mguu wa kupokea. Mguu wa tatu umerudi kwenye hasi. Taa imekaa kati ya mguu wa kupokea na hasi, mguu wake mrefu ukiwa upande wa kupokea. Transista hii nimeitoa kwenye redio ya Kichina iliyokanyagwa na ng'ombe. Basi, ndiyo yote.

Inafanyaje kazi? Fikirini baiskeli yenye mikungu miwili ya ndizi ikishuka mteremko. Mwendeshaji akikamata breki ghafla, baiskeli itasimama, mikungu haitasimama. Itaruka mbele kwa nguvu iliyokwisha kukusanya. Waya uliozungushwa kwenye kipete una tabia hiyo. Umeme ukishaanza kupita humo hautaki kusimamishwa. Transista inaufungulia, halafu inaufungia ghafla. Umeme unaruka, volti zinapanda, mlango wa taa unafunguka, taa inamweka. Kisha inaanza upya, maelfu ya mara kwa sekunde, jicho lisijue kama taa ilizimika hata mara moja. Mtu wa kwanza kulichapisha jambo hili kwa namna hii rahisi ni Z. Kaparnik, katika jarida la Uingereza liitwalo Everyday Practical Electronics, toleo la Novemba 1999. Waliokuja baada yake wakaliita kwa utani mwizi wa juli. Juli ni kipimo cha nishati. Mwizi huyu anakwapua za mwisho mwisho, zile ambazo mwenye redio ameshazisamehe.

Sasa niambieni: kuna mtoto wa Kimuli ambaye hawezi kukipata kimoja cha vitu hivi? Betri zilizokufa zimejaa majalalani. Taa zilizoungua zimejaa. Redio zilizokufa, kila fundi hapa ana gunia chini ya meza. Kinachokosekana ni mpangilio: kianze nini, kifuate nini, na nani amsimamie mtoto. Mpangilio huo ndio kitu pekee cha thamani ambacho sanduku la Kosmos au la Philips lilikuwa nacho kutuzidi. Kijitabu. Cha kwetu kiandikwe kwa Kiswahili, na mwalimu asione haya kufafanua kwa Kinyambo pale mtoto anapokwama.

Mwaka jana nilikuwa na watoto wa darasa la tano mahali fulani mkoani humu. Niliwapa kila wawili betri mbili, rezista moja na taa nyekundu ya LED. Binti mmoja aliunga, haikuwaka. Akaangalia ya jirani, akaangalia yake, akaichomoa taa, akaigeuza miguu, ikawaka. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

“Mbona inakubali upande mmoja tu?”

Nikamwambia afikirie valvu ya tairi la baiskeli: upepo unaingia, hautoki. Akanyamaza kidogo.

“Basi kama betri ndiyo pampu, upepo ni nini?”

Nimesoma umeme miaka mingi, na swali hilo lilinichukua kipindi kizima. Angepewa sanduku ambalo kila kipande kinaingia kwa namna moja tu, kama yalivyo mengi ya siku hizi yasiyomruhusu mtoto kukosea, lile swali lisingezaliwa. Masanduku hayo nayaona mabaya kuliko kukosa sanduku. Mtoto anafuata picha, taa inawaka, analala.

Kuna mzazi nimemsikia mlangoni akisema mtoto akizoeshwa kufungua vitu atammalizia redio. Ni kweli, atafungua. Mimi niliifungua ya babu yangu, National, mojawapo ya zile za Matsushita, Wajapani waliokuwa na kiwanda Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Redio ile ilikuwa imesikilizwa na kijiji kizima mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikaa vikundi chini ya mti. Nilibakiza skrubu tatu mkononi na redio isiyosema. Sikuchapwa, nilipelekwa kwa fundi, babu akamwambia, “Huyu atakaa hapa mpaka iseme.” Nilikaa likizo nzima. Shuleni nilipata vyeti; ufundi niliupata kwenye kile kibanda. William Kamkwamba wa Malawi, mnayemsikia kwa kinu chake cha upepo, naye kabla ya kinu alikuwa mtoto wa kufungua redio za jirani, na chuma chake cha kulehemu kilikuwa waya mnene uliopashwa kwenye moto wa jikoni.

Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi si dogo. Nawataka Jumamosi, saa mbili, shuleni. Na walimu wakuu, fundi asiitwe bure: anafunga kibanda, na kibanda kilichofungwa hakipiki ugali. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeyapa masomo ya amali nafasi kubwa. Basi amali iko pale barabarani, ina meza, mwavuli na miaka ishirini ya uzoefu. Fundi huyo cheti hana, sawa. Akae na mwalimu mwenye cheti, wawili hao wasomeshe pamoja.

Kuhusu usalama sitapunguza neno. Kioo cha taa ya energy saver kina zebaki: fungueni kitako, kioo msikiguse, kikivunjika fungueni madirisha na watoto watoke nje. Kapasita kubwa ya kwenye televisheni inaweza kumrusha mtu mzima hata kama imechomolewa ukutani. Televisheni iachwe kwa fundi. Betri za simu, zile bapa, zisitobolewe kamwe, zinalipuka moto. Lehemu yenye risasi isishikwe kwa meno, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula hata karanga. Umeme wa ukutani, iwe wa TANESCO au wa inveta ya sola, mtoto haugusi. Volti tatu za betri zinamtosha miaka miwili mizima.

Ninachopendekeza kiwe kopo. Kopo la maziwa ya unga lililokwisha. Nalo, kwa taarifa yenu, ni chuma kilichopakwa bati. Ndani yake ziwemo rezista kumi, taa za LED tano, transista tatu, kipete kimoja, waya wa simu mita mbili, na betri za bibi. Pembeni kiwepo kipande cha mbao laini chenye misumari, na kwenye kila msumari springi ya kalamu iliyoisha wino. Hiyo ndiyo akili ya Philips ya mwaka 1963, na haina gharama zaidi ya soda chache. Kopo hilo lisiandikwe kwenye leja. Likae darasani, dirishani, bila kifuniko. Mwisho wa muhula mwalimu ahesabu transista zilizoungua. Zikiwa sifuri, ajue watoto hawakuligusa.

Meza iko pale nyuma, nimeleta makopo sita. Waanze watoto, wakubwa tusubiri zamu yetu. Na mwalimu mkuu yeyote mwenye sanduku kabatini, afungue Jumatatu asubuhi, kwanza atoe zile betri.